Ng'ombe wa Nyangeta Wako kwa Nani

Mmeniomba mwongozo. Mlitaka kurasa mbili za kubandika ukutani juu ya mashine ya fotokopi, zenye orodha ya viambatisho, ili mteja akiingia msianze kukuna vichwa. Orodha ipo. Nimeiacha kwenye droo ya pili, chini ya stepla mbovu. Hiki ninachoandika ni kitu kingine. Ni habari ya miaka tisa niliyokaa kwenye chumba hicho cha Iringo, Musoma, na hasa ya kosa moja nililolifanya humo, ambalo orodha yoyote isingelizuia.

Najua mnacheka ninaposema nimestaafu. Nina miaka thelathini na minne. Mama yangu kule Kigera aliniuliza kiinua mgongo changu kiko wapi, nikamgeuzia mgongo auone. Lakini kazi ya kuandaa maombi ya watu ina uzee wake, haungoji mvi. Ukianza kujua jibu la mteja kabla hajafungua mdomo, umezeeka. Mimi nilizeeka mapema.

Nilifika pale na digrii ya sosholojia na maswali mengi. Mwenye ofisi alikuwa Mwalimu Bwire, ambaye hakuwahi kufundisha darasa lolote. Alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo hadi alipostaafu, lakini kwa vile alikuwa anasahihisha barua za watu kwa kalamu nyekundu, mji mzima ulimwita Mwalimu. Siku ya kwanza alinikataza kugusa kompyuta. Alinipa fomu ya maombi ya cheti cha kuzaliwa na kalamu nyeusi, akaniambia niinakili kwa mkono mara tatu. Nikamuuliza sababu.

"Ukikosea kwa mkono unaona aibu," alisema. "Ukikosea kwa kompyuta unasingizia umeme."

Nilinakili. Nilipomaliza niliuliza kwa nini fomu inataka jina la babu, kwa nini picha iwe ya rangi fulani nyuma, kwa nini barua ya mtendaji iwe na mihuri miwili wakati mmoja unatosha kuonekana. Nilikuwa nimesomeshwa kuhoji kila kitu na nilidhani ndiyo kazi. Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Akasema, "Wegesa, wewe unaulizaga fomu. Fomu haina mdomo. Uliza mtu." Niliona ni maneno ya wazee, yale ambayo mtu huyaitikia kwa kichwa na kuendelea na shughuli zake.

Vifaa vyetu mnavijua, maana mmevirithi. Kompyuta mbili, moja ikiwa na kibodi isiyo na herufi ya B, jambo ambalo kwa ofisi ya Bwire lilikuwa usumbufu wa kila siku. Skana inayotaka kupigwa kofi upande wa kulia. Panchi ya chuma aliyotoka nayo Mwalimu mahakamani, kwa ruhusa ya nani sikuwahi kupata jibu. Kidau cha wino wa bluu kwa wasiojua kusaini. Na ule ubao wenye misumari tuliokuwa tunatundikia mafaili ya kesi ngumu, ili tusizifiche kwenye kabati na kujidanganya kwamba zimekwisha.

Miaka ya mwanzo nilifanya majina. Huku kwetu mtu ana jina la ukoo, la ubatizo, la aliyefariki siku anazaliwa na la mwalimu wa darasa la kwanza aliyeshindwa kulitamka la nyumbani. Alikuja mvuvi wa kule rasini mwenye vyeti vinne, na kila cheti kilikuwa cha mtu mwingine. Tulimtengenezea hati ya kiapo ya kuwaunganisha wale watu wanne wawe yeye. Alifurahi, akatuletea samaki wadogo aina ya furu waliokaushwa, na Mwalimu akawala wote kwa hoja kwamba mimi nilikuwa bado najifunza.

Baadaye nikahamia kwenye maombi ya wanandoa. Mkoa wetu uko karibu na mpaka. Watu wanaoana na watu wa ng'ambo tangu kabla ya kuwepo ng'ambo, na makaratasi yanafuata nyuma yakihema. Mume au mke mgeni anahitaji kibali cha kuishi, na yule mwenyeji anayemwombea lazima aonyeshe kwamba ana mapato ya kumtunza. Mtaani wanakiita kibali cha kudumu. Kina tarehe ya mwisho, imechapwa hapo mbele kwa wino mzito, lakini hakuna mteja hata mmoja niliyewahi kumshawishi aache kukiita cha kudumu.

Kwa mwajiriwa kazi ni nyepesi: barua ya mwajiri, hati za mshahara, taarifa ya benki, mnakunywa chai. Ugumu ni kwa wakulima, wafugaji na wavuvi, ambao ndio karibu wote. Mapato yao huja mara moja kwa mwaka, au kila mbalamwezi inapofifia, na hayapiti benki. Nilijifunza kukusanya stakabadhi za pamba kutoka chama cha msingi cha ushirika, risiti za mnada, na taarifa ya miamala ya simu, ile ndefu ambayo mteja huiona kwa mara ya kwanza na kushtuka alivyokuwa akiishi. Taarifa ya simu niliipenda kuliko vyote. Niliamini haidanganyi. Ni kweli, haidanganyi, ila haielezi.

Sasa nije kwa Nyangeta.

Alikuja kutoka Kabasa, Bunda, asubuhi ya siku ya gulio, amevaa kitenge na koti la mvua ingawa hapakuwa na wingu. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mkulima wa pamba, mwenye sauti ya chini ya mtu ambaye hajazoea kurudia alichosema. Nyuma yake alikuwa mumewe, Ochieng, mzaliwa wa ng'ambo ya mpaka, fundi wa kuchomelea majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Walikuwa wameoana kanisani miaka kumi na moja iliyopita, wana watoto wawili shuleni. Miaka yote hiyo Ochieng aliishi kwa kibali alichoombewa na mwajiri wake, kiwanda kidogo cha kuchambua pamba. Kiwanda kilikuwa kimesitisha shughuli. Kibali chake kilikuwa kinaisha baada ya wiki kumi. Baada ya hapo njia iliyobaki ilikuwa moja: mkewe amwombee kama mwenza, athibitishe mapato. Ikishindikana, Ochieng atavuka mpaka wa Sirari na begi lake, na kurudi kama mgeni wa siku za kuhesabika, mtu wa kupiga mhuri kuja kuona watoto wake.

"Na mimi huko sina hata pa kuegesha baiskeli," Ochieng alisema. "Shamba la baba tuligawana ndugu sita. Langu mimi lilikuwa ni kusalimiwa tu."

Nyangeta hakucheka. Nikaanza na mifugo. Nikamuuliza ana ng'ombe wangapi.

"Wapo," akasema.

"Wangapi?"

"Wapo wa kutosha."

"Dada, fomu haina chumba cha kuandika wa kutosha. Inataka namba."

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeelekeza kidole kaburini. Nilijua sababu, si kwamba nimekulia mwezini. Huku kwetu mwenye ng'ombe hawahesabu kwa sauti, hasa mbele ya mtu baki. Anayehesabu anaita kifo kije kupunguza. Chuoni niliandika insha juu ya jambo hilo na nikapata alama nzuri. Kwa hiyo nilimweleza kwa upole wa kisomi kwamba ng'ombe hufa kwa ugonjwa wa ndigana na kwa ukame, hawafi kwa hesabu.

"Haya, msomi," akasema. "Pale nyumbani kuna wanne. Andika wanne."

Nikaandika wanne. Nikachukua stakabadhi zake za pamba za misimu miwili, yote miwili mibaya. Kisha nikafungua taarifa ya simu yake. Kwenye taarifa ile kulikuwa na kitu kinachojirudia: mara tatu au nne kwa mwaka, pesa nzuri zinaingia kutoka kwa namba moja yenye jina la Machumu. Nikauliza Machumu ni nani. Akasema ni mjomba wake, kaka wa mama yake, anakaa upande wa Butiama. Pesa ziliingia hasa Januari, miezi ya ada. Nikapiga mstari kwa kalamu ya kijani na pembeni nikaandika: msaada wa familia. Wala sikumuuliza zinatoka wapi. Mimi, niliyeuliza fomu kwa nini inataka jina la babu.

Niliona nimefanya vizuri. Nilidhani ofisi ikiona ukoo unamsaidia itaridhika kwamba mume hatalala njaa. Mwalimu Bwire wakati huo alikuwa anaumwa miguu, anakuja ofisini siku mbili kwa wiki, na faili lile hakuliona.

Lilirudi baada ya wiki nne. Afisa aliyelishughulikia alikuwa mtu wa haki na aliandika sababu yake kwa sentensi mbili zilizonyooka. Alisema mwombaji ana ng'ombe wanne na mavuno hafifu, na kwa maelezo yake mwenyewe anaishi kwa msaada wa mjomba. Mtu anayetunzwa na mwingine hawezi kuchukuliwa kuwa na uwezo wa kumtunza mwenza. Alitoa nafasi ya kuleta ushahidi zaidi kabla kibali cha sasa hakijaisha. Zilibaki wiki sita kasoro.

Nilisoma ile barua mara mbili. Hayo "maelezo yake mwenyewe" yalikuwa ya kwangu mimi. Nyangeta hakuwahi kuyasema.

Nikawapigia simu. Ochieng alipokea. Nilimwambia faili limerudi kwa sababu mapato hayakuthibitika, na kwamba kama wana mali nyingine yoyote, hata mifugo, huu ndio wakati wa kuionyesha. Akauliza kama ng'ombe wakionekana kwa macho itasaidia. Nikasema itasaidia, afisa mifugo wa kata anaweza kuja kuwaona na kuandika barua. Akasema sawa. Siku kumi baadaye walinipigia kwamba ng'ombe wako tayari na afisa mifugo anakuja kesho yake. Nikaenda Kabasa.

Boma lililokuwa na ng'ombe wanne lilikuwa limejaa. Walisimama wamebanana kifua kwa mgongo, weusi, wekundu, wa madoa, na vumbi la safari bado liko kwenye kwato. Ochieng alikuwa ameongeza miti kwenye uzio kwa haraka, mingine bado na majani. Kila mtu wa mkoa huu anajua michezo inayochezwa wakwe wanapokuja kukagua boma: ng'ombe wa jirani hulala kwako siku mbili, wageni wanakunywa, wanaridhika, wanaondoka, nao ng'ombe wanaondoka. Nikamwambia Nyangeta pembeni kwamba afisa mifugo si mkwe.

Afisa mifugo alikuwa kijana mpole mwenye buti za mpira na simu iliyopasuka kioo. Ng'ombe wote siku hizi wana hereni za utambulisho masikioni, zile za njano zenye namba. Alipita mmoja mmoja, anasoma namba, anaingiza kwenye simu, anasubiri mtandao. Ochieng alimfuata akishika pembe.

"Ona," aliniambia. "Hata ng'ombe wana namba ya serikali. Humu bomani asiye na hereni ni mimi peke yangu."

Yule kijana alimaliza, akaja nilipokuwa nimesimama. Alisema wale wanne wanasoma jina la Nyangeta. Waliobaki, wote, wanasoma jina la Machumu wa Butiama. Hata kibali cha kuwasafirisha hadi Bunda kilikatwa kwa jina la Machumu. Hakuwa na ubaya. Alisema ataandika alichokiona, na alichokiona ni ng'ombe wanne.

Nilimgeukia Nyangeta na nikasema maneno ambayo nisingependa myarithi. Nilimwambia amenifanya niandae uongo, kwamba ofisi ikigundua ameazima ng'ombe wa mjomba ili kudanganya, mumewe hatakataliwa kibali tu, atakuwa na doa la kudumu, na hilo ndilo litakuwa la kudumu kweli. Nilisema kwa sauti, mbele ya mumewe.

Yeye alikuwa ameshika fimbo. Aliichomeka ardhini taratibu.

"Nani kakwambia nimeazima?"

"Hereni zinasema."

"Hereni zilivalishwa kwenye boma la mjomba, wakaandika mwenye boma. Ulitaka ng'ombe wajitetee?" Akaonyesha kwa kidevu. "Yule mweusi mwenye paji jeupe, mama yake alikuwa wa mama yangu. Mama alipokufa niliachiwa majike matatu. Kabasa hapa malisho yako wapi? Nikayapeleka kwa mjomba. Yeye anakunywa maziwa, anapata mbolea, kila mwaka nampa ndama. Dume likikua anapeleka mnadani, pesa ananitumia. Miaka kumi na minne. Wewe ukaandika nasaidiwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Ochieng aliangalia kwingine. Ng'ombe mmoja alikojoa kwa muda mrefu sana, na sote tulimsikiliza hadi alipomaliza.

Nilirudi Musoma na siku iliyofuata nilikwenda kwa Mwalimu Bwire nyumbani kwake, nikamkuta miguu yake iko kwenye beseni la maji ya chumvi. Nikamsimulia. Sikumficha kitu. Alisikiliza hadi mwisho kisha akauliza kama niliwahi kuona tajiri wa Mara mwenye ng'ombe wote kwenye boma moja. Nikasema sijui. Akasema, "Ndiyo hivyo hujui. Ukiwaweka pamoja, ugonjwa mmoja unakumaliza, na wezi wanajua pa kuja. Mwenye akili anawatawanya. Maskini ndiye ng'ombe wake wote wanaonekana." Kisha akaniambia nimwongezee maji ya moto, na kwamba Machumu akikubali kula kiapo jambo limekwisha, na asipokubali pia limekwisha.

Tulikwenda Butiama watatu: mimi, Nyangeta na Ochieng. Nilikuwa nimeandaa rasimu ya hati ya kiapo, na nilijua kisheria ilikuwa rahisi. Mjomba atamke kwamba ng'ombe hao ni amana, kwamba baadhi aliwauza mnadani kwa niaba ya mwenye mali, na kwamba pesa alizotuma zilikuwa za mauzo hayo. Ukurasa mmoja na nusu.

Machumu alitukaribisha vizuri. Mzee mrefu, mkavu, shati limefungwa hadi kooni. Tulikula ugali wa mtama na sato, tukaulizana habari za mvua, za waliokufa na za waliozaa. Alipomwita Ochieng "mkwe" nilipata matumaini. Kisha nikamsomea rasimu. Akamtuma mkewe kitu ambacho hakikuhitajika, ili atoke.

Ndipo akaeleza. Kijana wake wa mwisho alikuwa amechumbia. Wakwe walishakuja mwezi uliopita, wakaona boma, wakaridhika. Hakuwaambia wale ng'ombe wote ni wake, na wao hawakuuliza, kwa sababu mtu mwenye adabu haulizi. Lakini boma lilisema. Sasa ale kiapo mbele ya wakili pale Bunda, mjini, ambako wale wakwe wana ndugu kila mtaa.

"Binti," aliniambia, "unajua unachoniomba? Unaniomba nivue shati gulioni."

Nilianza kueleza kuhusu tarehe ya kibali, jinsi wiki zilivyobaki tatu, akaniinulia kiganja. Hakuwa anazungumza na mimi tena. Alikuwa anamtazama mpwa wake.

Nyangeta alisema kwa lugha yao, nami nikafuata nusu. Hakumlilia. Alimkumbusha kwamba yeye Machumu na dada yake, mama wa Nyangeta, walipoondoka kwa wazazi, dada ndiye aliyempa ng'ombe wa kuolea, na hakuandikishana naye. Akasema kama ng'ombe ni wa mjomba basi ni wa mjomba, yeye hatashindana naye mbele ya watu, atawarudisha hapo. Ila mume wake ataondoka, na watoto watauliza ameondokea nini, na yeye atawajibu.

Ochieng alisema jambo moja tu siku ile. Alisema, "Mjomba, mimi nitavuka. Usivunje posa ya kijana kwa ajili yangu." Nadhani alikuwa anamaanisha. Mzee alisema tumwachie karatasi.

Wiki iliyofuata sikufanya kazi yoyote ya maana. Ndipo nilipokaa na risiti za mnada, ambazo Nyangeta alizipata kwa mke wa mjomba, zote zimekunjwa ndani ya kopo la majani ya chai. Zilikuwa na jina la Machumu. Nikaweka taarifa ya simu upande wa kushoto, risiti kulia. Mnada Jumatano, pesa zimeingia Alhamisi. Mnada Jumatano, pesa Alhamisi. Miaka mitano nyuma, bila kupishana zaidi ya siku mbili. Ushahidi wote ulikuwa mezani kwangu tangu siku ya kwanza, nikaupaka kalamu ya kijani na kuuita msaada. Lakini bila neno la mzee ulibaki kuwa mzee anauza ng'ombe wake na kumpa mpwa wake zawadi.

Siku ya Ijumaa wakili wa Bunda alinipigia. Alisema kuna mzee ofisini kwake amekuja na rasimu yangu, amevaa koti, na hataki kusaini mpaka mimi niwepo. Nilifika saa nane mchana. Nyangeta na mumewe walikuwa wameketi kwenye benchi nje. Machumu alikuwa ndani, wima, kofia mkononi.

Shida yake ilikuwa pengo moja kwenye rasimu, pale nilipoacha nafasi ya idadi. Alisema kula kiapo atakula, ila kutamka namba ya ng'ombe wasio wake hawezi, na wake pia hawezi. Wakili, mama mtaratibu mwenye kesi nyingine zinamsubiri, alisema kiapo bila idadi hakina kazi. Walikuwa wamefika hapo tangu asubuhi.

Nilikaribia kufungua mdomo kumweleza habari za ndigana na ukame. Nikaufunga. Nikamuuliza, "Mzee, wako akina nani?"

Akaanza. Mweusi mwenye paji jeupe, wa uzao wa yule aliyeachwa na mama yake Nyangeta. Nyuma yake ndama wake, mweusi mtupu. Mwekundu mwenye pembe iliyolala. Dada yake, yule aliyevunjika mguu akapona. Wa madoa aliyezaliwa siku ya mazishi. Alikuwa anatazama ukuta, na kila mmoja alimtaja na mama yake, na mama wa mama yake hadi kwa yale majike matatu. Mimi naandika, wakili naye ameacha kuangalia saa. Mlango ulikuwa wazi na watu wa ofisi ya jirani walikuwa wamesimama barazani wakisikiliza. Aliwaona. Akaendelea. Alipofika mwisho alisema, "Hao ni wa Nyangeta. Wangu ni wale wachache wanaobaki." Wachache alilitamka kwa sauti ileile.

Nikahesabu mistari kwenye karatasi, kimya, kwa macho, nikaandika idadi kwenye pengo. Yeye akatazama dirishani hadi nilipomaliza. Kisha akasaini.

Tulipeleka faili likiwa na orodha ile, risiti na taarifa ya simu zikiwa zimepangwa sambamba, na barua yangu nikieleza kwamba maneno "msaada wa familia" yalikuwa ya mwandaaji na hayakuwa ya mwombaji. Mwalimu alisahihisha barua ile kwa kalamu nyekundu. Alibadilisha neno moja tu: pale nilipoandika "kutoelewana" akaandika "kosa". Kibali kilitoka siku nne kabla ya kile cha zamani kuisha. Miaka miwili. Ochieng alikisoma mbele na nyuma, akauliza cha kutoboa sikio kiko wapi.

Posa ya kijana wa Machumu haikuvunjika, ila wakwe walitaka ng'ombe wote wa mahari watolewe kwanza, jambo ambalo mwanzoni hawakulitaka. Harusi ilisogea hadi baada ya msimu wa pamba. Nyangeta alitoa mtamba mmoja kukamilisha. Ng'ombe waliobaki hawakukaa tena Kabasa hata mwezi. Aliwarudisha Butiama, kwenye boma lilelile, na hereni zilezile zenye jina lilelile. Nilimuuliza kwa nini asibadilishe angalau hereni, maana miaka miwili si mingi, na ofisi itauliza tena.

"Nibadilishe, mjomba aonekane mlinzi?" akasema. "Wakiuliza tena, atataja tena."

Miaka miwili hiyo inaisha mwakani. Mimi sitakuwepo, na Mwalimu siku hizi haji kabisa. Faili lake liko msumari wa kwanza kushoto, na orodha ya mzee iko ndani kwa mwandiko wangu. Mtahitaji kuisahihisha, kwa kuwa wengine wameuzwa na wengine wamezaa. Nendeni Butiama wenyewe. Mkaribishwe, mle, msikimbilie karatasi. Msimuulize mtu ng'ombe wangapi. Muulizeni wako kwa nani, halafu mshike kalamu mnyamaze.

Nimeona mmeniuliza pembeni ya rasimu hii idadi ilikuwa ngapi. Iko kwenye faili, kwa anayeruhusiwa kuifungua. Hapa siiandiki. Si kwamba naamini. Ila si ng'ombe wangu.